Usahili wa Rosa Mistika: Kuisoma Tena Riwaya ya Kwanza ya Kezilahabi

Lete jina la Euphrase Kezilahabi katika chumba cha walimu wa Kiswahili, kisha ukae usikilize. Watakaolidakia kwanza ni wale waliotoka chuo kikuu juzijuzi, na watakachozungumzia ni Nagona (1990) na Mzingile (1991): vitabu vyembamba, vigumu, vyenye safari ambazo hujui zimeanzia wapi wala zinaishia wapi. Mwingine atataja Kichwamaji (1974) na falsafa ya udhanaishi. Mwingine atakumbuka diwani ya Kichomi (1974) na ule ugomvi wa mashairi huru. Rosa Mistika itatajwa mwisho, na atakayeitaja ataitaja kwa sauti ya mtu anayeomba radhi: “Hicho ni kile chake cha kwanza. Ni chepesi.”

Nami nilikuwa mmoja wao. Chuoni nilisoma Nagona mara mbili kabla ya kuirudia Rosa Mistika niliyokuwa nimeipitia mbio mbio nikiwa kidato cha pili. Nilipoanza kufundisha niliiona kama kidato cha chini cha ngazi, kile ambacho mtu hukikanyaga tu ili apande juu. Katika makala haya ninakusudia kukushawishi wewe, mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa, kwamba riwaya hii inastahili kusomwa kwa raha na bila kuombewa radhi, na kwamba huo wepesi wake tunaoudharau ndio uliobeba uzito wake. Nitaeleza pia jinsi ilivyonifichua mimi mwenyewe.

Mwandishi na wakati wake

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Alisoma katika seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuhitimu shahada yake ya kwanza mwaka 1970. Rosa Mistika ilitolewa mwaka 1971 jijini Nairobi na East African Literature Bureau, shirika la pamoja la nchi zetu tatu ambalo, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, lilirithiwa hapa kwetu na Kenya Literature Bureau. Piga hesabu mwenyewe. Kitabu kilipotoka, mwandishi wake hakuwa amezidi miaka 27. Aliyekiandika ni kijana aliyekuwa bado na chaki ya darasani mikononi.

Kumbuka alichokikuta. Nathari ya Kiswahili iliyoheshimiwa mashuleni wakati huo ilikuwa ya Shaaban Robert, mathalani Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952). Humo nchi ni za kubuni, majina ni ya sifa na tabia, na mwema hulipwa wema wake. Kezilahabi alimjua vyema Shaaban Robert. Hata tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 ilimhusu mwandishi huyo. Lakini alipokaa kuandika hadithi yake mwenyewe, hakubuni nchi yoyote. Aliiweka Namagondo, kijiji chake alichozaliwa, kwa jina lake lile lile. Ukitaka kupima ujasiri wa kijana huyu, anzia hapo kabla hujafika kwenye kurasa zilizoudhi watu.

Na kweli ziliudhi. Nchini Tanzania kitabu kilipigwa marufuku kisitumike shuleni kwa kuwa kilisema wazi habari za mapenzi ya wanafunzi na utoaji wa mimba. Miaka ikapita, kikarudi kwa mlango wa mbele kikiwa miongoni mwa vitabu vya kufundishwa. Kezilahabi alifariki Januari 2020, na mwaka 2025 riwaya hiyo hiyo ya ujanani ikatolewa kwa Kiingereza na Yale University Press kwa tafsiri ya Jay Boss Rubin. Hayo si maisha ya kidato cha chini cha ngazi.

Si Kezilahabi peke yake. Goethe, bingwa wa Wajerumani, alichapisha riwaya yake ya kwanza kuhusu kijana Werther mwaka 1774 akiwa na miaka 25. Akaishi hadi mwaka 1832, akaandika mambo mazito kupita kiasi, na bado watu walizidi kumwuliza habari za Werther. Hapa kwetu, Ngũgĩ wa Thiong’o aliandika Weep Not, Child (1964) akiwa bado mwanafunzi wa Makerere. Kitabu cha ujanani kina mambo ambayo mwandishi mwenyewe hawezi kuyarudia akishakomaa, kwa sababu akishakomaa huwa amejifunza kujificha.

Msuko wa duara

Kwa ambaye hajaisoma, au aliyeisoma zamani, hadithi ni hii kwa ufupi. Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria na Regina. Zakaria ni mlevi. Regina ndiye anayeibeba nyumba. Nyuma ya Rosa wako wadogo zake Flora, Honorata, Stella na Sperantia, na hatimaye mtoto wa kiume, Emmanuel. Kijana wa kijijini aitwaye Charles anamwandikia Rosa barua. Zakaria anaipata, anampiga binti yake kipigo cha kinyama na kumwaibisha. Rosa anakua akiwaogopa wavulana kama moto. Anakwenda Mwanza kusoma katika shule ya wasichana ya Rosary, mbali na fimbo ya baba, na huko uhuru unamjia ghafla bila ya mtu wa kumwonyesha namna ya kuutumia. Anaangukia mikononi mwa Deogratias, Bwana Maendeleo, mtu mzima mwenye cheo. Kutoka hapo anakwenda chuo cha ualimu Morogoro, ambako sifa yake inazidi kuharibika. Zinafuata mimba na kuzitoa. Anakuwa mwalimu, anajaribu kujirudi. Charles anatokea tena, sasa akiwa mtu aliyesoma, na anataka kumwoa. Anapojua ya nyuma, anamwacha. Rosa anajiua. Halafu hadithi inaruka hadi mbele ya kiti cha hukumu cha Mungu.

Tazama jinsi ilivyo sahili. Huu ndio tunaouita msuko sahili: wakati unakwenda mbele kama maji ya mto, tukio moja likizaa jingine, na msomaji hapotei njia. Sentensi ni fupi. Mazungumzo ni mengi. Msimulizi ni maizi, anayajua yote, na pale anapotaka kusema neno lake hulisema bila kujificha nyuma ya mhusika. Mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye Kiswahili cha wastani huimaliza kwa siku mbili. Nimewaona wakiimaliza kwa usiku mmoja, kwa tochi.

Lakini mtahiniwa, usipite upesi. Nani alianzisha mkasa? Barua ya Charles. Nani alimaliza? Charles. Mvulana yule yule ambaye barua yake ilimletea Rosa kipigo ndiye anayemkataa mwishoni kwa sababu ya mambo ambayo, ukiyafuatilia nyuma hatua kwa hatua, yanarudi kwenye kipigo hicho. Charles anamhukumu Rosa kwa jeraha ambalo yeye, bila kukusudia, alikuwapo lilipofunguliwa. Kijana wa miaka ishirini na kitu aliuona mduara huo na akauchora kwa mstari mmoja, bila kutupigia kelele tuutazame. Kinaya cha namna hii huonekana vizuri katika hadithi nyepesi. Laiti Kezilahabi angeurundikia msuko huu mbinu rejeshi na ndoto na mafumbo, tungekuwa bado tunauliza nani ni nani tunapofika mwisho, na Charles angetuponyoka.

Majina

Watahiniwa wetu wanapenda kutaja majazi kwa sababu ni mbinu rahisi kuitambua, na aghalabu huishia kwenye sentensi moja. Hapa pana zaidi ya sentensi moja.

Mwandishi alisoma seminari, na nyumba ya Zakaria imejaa Kilatini. Rosa Mistika ni mojawapo ya sifa ambazo Wakatoliki humpa Bikira Maria katika litania yake, sifa ya waridi lenye fumbo. Regina ni malkia. Stella ni nyota. Flora ni ua, Honorata ni aliyeheshimiwa, Sperantia ni tumaini. Emmanuel ni Mungu pamoja nasi. Ukiyasoma majina hayo kwa mfululizo ni kama unasikiliza sala ya jioni. Kisha mlango unafunguliwa na mlevi anaingia. Malkia wa nyumba hii hupigwa. Waridi linakanyagwa. Na mtu anayemharibu binti wa watu anaitwa Deogratias, yaani ashukuriwe Mungu! Kuna hata mzaha wa chini chini katika jina la baba, ingawa hili ni langu na si lazima ulikubali: Zakaria wa Injili alifungwa ulimi asiseme hadi mwanawe azaliwe, ilhali Zakaria wa Namagondo hakuna wa kumnyamazisha.

Katika darasa langu wengi si Wakatoliki, na jina la kitabu kwao lilikuwa jina tu. Nilimwomba msichana mmoja wa kwaya ya parokia awaeleze wenzake litania ni nini na husaliwa vipi. Alieleza kwa dakika tano. Baada ya hapo hakuna aliyeliandika tena jina la riwaya bila kufikiri. Jaribu.

Barua

Sasa niseme lile lililonifanya niandike.

Mwaka 2016, katika mwaka wangu wa pili wa kazi, katika shule ambayo sifundishi tena, nilinasa barua ikipita chini ya madawati ya kidato cha pili. Ilikuwa imeandikiwa msichana na mvulana wa darasa la jirani. Ilikuwa na mioyo iliyochorwa kwa kalamu nyekundu na makosa mengi ya sarufi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano hivi, nikiogopa kuonekana mwalimu mlegevu. Nikasimama mbele ya darasa nikaisoma kwa sauti. Si hivyo tu. Nilisahihisha makosa yake nikiendelea, ngeli kwa ngeli, ili kicheko kiongezeke. Darasa lilicheka sana. Msichana aliinamisha kichwa juu ya dawati na hakukiinua mpaka kengele ikalia.

Sikumchapa. Fimbo ilikuwa imeondolewa mashuleni tangu mwaka 2001, na nilijiona mwalimu wa kisasa. Ila nilichokiona baadaye katika madaftari yake ni hiki: kabla ya siku ile alikuwa akiandika insha ndefu zenye fujo, zenye nyanya yake, mbuzi, mvua ya mawe iliyovunja bati. Baada ya siku ile aliandika nusu ukurasa. Sarufi ilikuwa safi. Hapakuwa na sentensi hata moja ambayo ungeweza kuitambua kuwa ni yake. Ikawa hivyo mpaka alipomaliza shule, nami nikampa alama za wastani kila muhula na nikaandika “Jitahidi” kwa wino mwekundu.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa tayari nimehamia huku, niliitoa Rosa Mistika kabatini nitayarishe mazungumzo ya chama cha Kiswahili. Nilifika pale Zakaria anapoipata barua. Nilikuwa nimewaandikia wanafunzi mara nyingi ubaoni: “Zakaria: katili, mlevi, asiyewajibika.” Nilikifunga kitabu. Nilikuwa sijalewa siku ile ya 2016. Hilo tu ndilo lililonitofautisha naye.

Nakuuliza, msomaji, je, Nagona ingeweza kunifanya hivyo? Mimi nadhani nisingenaswa. Ningetafuta ishara, ningeandika pembeni neno “usasa” au “falsafa”, ningeipeleka barua ile kwenye dhana na kuiacha huko. Rosa Mistika haikunipa pa kukimbilia. Baba, barua, binti, watu wanaotazama. Mambo manne. Kila mzazi na kila mwalimu ameshawahi kusimama mahali pamoja kati ya hayo manne.

Kwa nini Salgaa

Shule ninayofundisha iko Salgaa, kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Wanaopita hapa mchana huona maduka, vibanda vya nyama choma na malori. Usiku malori huwa mengi zaidi. Madereva wa masafa marefu, wanaokwenda na kutoka Uganda na mbali zaidi, huegesha hapa walale. Fedha hupita hapa na haikai. Wapo wasichana wetu wanaotembea kilomita kadhaa asubuhi na jioni kando ya barabara hiyo. Sitaki kuongeza chumvi: wengi wa madereva hao ni baba za watu, wamechoka, na wanataka ugali na usingizi. Lakini barabara ni barabara.

Tulipofika kwa Deogratias katika chama cha Kiswahili, nilianza kueleza cheo cha Bwana Maendeleo kilikuwa nini katika Tanzania ya miaka hiyo. Msichana mmoja akanikatiza kwa adabu: “Mwalimu, huyo tunamjua.” Wenzake hawakucheka. Nikanyamaza nikawaacha waeleze, na waliyoyaeleza yalikuwa uhakiki safi kabisa wa mhusika: kwamba mtu huyo huanza kwa ukarimu, kwamba hukuuliza habari za karo, kwamba huonekana kuwa na wakati wa kukusikiliza kuliko baba nyumbani. Hilo la mwisho nililiandika ubaoni. Deogratias hakuingia kwa nguvu zake peke yake. Aliingia kwa mlango ambao Zakaria aliuacha wazi.

Mama mmoja alikuja shuleni kulalamika. Alikuwa amekikuta kitabu chini ya mto wa binti yake, akasoma kurasa mbili, na zilikuwa zile ambazo ungetarajia. “Mwalimu,” aliniambia, “hiki ndicho mnachowafundisha?” Nilimjibu, “Mama, tafadhali kisome chote kisha turudi tuongee.” Alikichukua. Alikaa nacho wiki mbili. Aliporudi hakunipongeza wala hakunishukuru. Aliniuliza tu kwa nini Regina hakumzuia mumewe. Tukaongea kuhusu Regina kwa nusu saa tukiwa tumesimama langoni. Ni swali zuri. Wahakiki wengi humpita Regina kwa neno “mvumilivu” kana kwamba uvumilivu ni sifa isiyo na bei. Mama yule aliona kwamba mabinti ndio waliolipa bei hiyo.

Kasoro zake

Nisije nikaonekana nimefumba macho. Riwaya ya ujanani huwa na dosari za ujanani, na mtahiniwa ajue kuzitaja. Baadhi ya wadogo zake Rosa ni majina zaidi kuliko watu. Sadfa ya Charles kurudi wakati ule inampendelea mwandishi. Msimulizi huingilia kati na kutoa maoni mahali ambapo tukio lenyewe lilikuwa limeshasema.

Sura ya hukumu ndiyo inayogawa watu. Hadithi imekwenda kwa miguu tangu Namagondo, mara inapaa mbinguni, baba na binti wanalaumiana mbele za Mungu. Wapo wanaosema kijana alishindwa kuimaliza hadithi yake duniani. Mimi hapo awali nilisema hivyo. Sasa naiona kwa jicho jingine: kijana huyu hakuweza kumwacha Rosa azikwe bila kesi yake kusikilizwa, kwa kuwa hapakuwa na mahakama duniani ambayo ingeisikiliza. Kijiji kilikuwa kimeshahukumu. Isitoshe, mruko huo wa ghafla kutoka uhalisia kwenda mahali pasipo na ramani ndio mbegu ya Nagona na Mzingile. Vivyo hivyo kifo cha Rosa ndicho cha kwanza katika msururu: Kazimoto wa Kichwamaji naye anajiua, na Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975) anaishia kwenye kamba ya serikali. Anayeanza na vitabu vigumu vya Kezilahabi hukutana na maswali yasiyo na uso. Anayeanza na Rosa huyajua maswali hayo yalizaliwa katika nyumba gani.

Kwa mtahiniwa

Huenda ukasema, mwalimu, kitabu hiki hakimo katika orodha yangu. Ni kweli. Ila kukisoma kutakusaidia katika vilivyomo. Aliyesoma Bembea ya Maisha ya Timothy Arege amekutana na Yona, baba mlevi mwenye mabinti, na masimango ya jamii kuhusu mtoto wa kiume. Mweke Yona kando ya Zakaria uone wapi wanafanana na wapi wanaachana. Zoezi hilo moja litakufundisha sifa za wahusika kuliko orodha kumi za kukariri, maana huwezi kuwaita wote wawili “mlevi” ukaishia hapo.

Chukua swali la mfano, la alama ishirini kama yalivyo ya insha katika karatasi ya fasihi: “Rosa ndiye aliyejiletea maangamizi yake. Jadili.” Majibu mengi niliyosahihisha huanza Mwanza au Morogoro. Mtahiniwa hutaja wanaume, hutaja mimba, huandika neno “kahaba”, kisha hufunga kwa onyo kwa wasichana. Jibu la namna hiyo limeruka mwanzo wa kitabu, na limefanya lile lile alilofanya Charles.

Fuata mpangilio wa matukio kama mwandishi alivyoupanga. Anza na barua na kipigo. Onyesha hofu iliyofuata, kwamba Rosa alizuiliwa kuongea na wavulana wa rika lake, hivyo hakuwahi kujifunza kumpima mwanamume kwa maneno yake. Onyesha ulevi wa Zakaria na ukimya wa Regina. Onyesha Deogratias na wakubwa wa chuo waliotumia vyeo vyao. Onyesha jamii inayodai ubikira kwa mwanamke na haimwulizi mwanamume lolote. Kisha, kwa kuwa swali limesema “jadili”, geuka upande wa pili: Morogoro Rosa hakuwa tena mtoto, alichagua baadhi ya mambo akiyajua, na mwandishi hakumsafisha; hata mbele ya Mungu baba naye anapewa nafasi ya kujibu. Usimwage lawama yote upande mmoja. Mtahini hutafuta hoja zilizotolewa mfano kutoka kitabuni, na hapa mifano imejipanga yenyewe. Hii ni raha nyingine ya msuko sahili.

Ushauri kwa mwalimu ni mfupi. Usianze na maelezo ya ubaoni. Mimi hutenga vipindi vitatu vya chama, tunasoma kwa sauti kwa zamu, na mwiko ni mmoja: hakuna anayetaja neno “maudhui” mpaka kitabu kiishe. Wanafunzi hunung’unika mwanzoni, wanataka hoja za kuandika. Kufikia safari ya Mwanza huwa wamesahau kalamu.

Mara ya mwisho tulipomaliza, niliwapa swali moja la kujibu kwa sentensi moja tu: nani alianza? Wavulana wengi waliandika Charles. Wasichana wengi waliandika Zakaria. Wawili waliandika pombe. Mvulana mmoja mkimya, ambaye huketi karibu na dirisha la upande wa barabara, aliandika kwamba aliyeanza ni yule aliyesoma barua isiyokuwa yake. Nilikaa na karatasi hiyo kwa muda kabla ya kuitia alama.

Nakala zetu ni tatu, moja haina jalada. Majina ya wanaozisubiri yamebandikwa nyuma ya mlango wa kabati, na wiki hii orodha imefika mtu wa kumi na nne.